Kumpata mtumishi wa kanisa anayefaa siku za kazi: mwongozo kwa mabaraza ya wazee Nyanda za Juu Kusini

Baraza la wazee likikaa kutafuta mwinjilisti au katekista, swali la kwanza huwa ni hili: anahubirije? Ni swali halali, lakini ibada ya Jumapili ina mwisho wake, hata kwa wahubiri wasioangalia saa. Jumatatu kuna msiba Uyole. Jumanne kuna mgonjwa wodini ambaye ndugu zake wako Chunya na hawana nauli. Jumatano mjane anakuja ofisini kusema shemeji zake wameshapima shamba. Alhamisi kijana wa bodaboda anazungukazunguka nje ya kanisa, anataka kuongea na mtu, hajui aanzie wapi. Mtumishi aliyeajiriwa kwa sababu ya sauti yake mimbarani ataishi wiki nzima akifanya kazi ambayo hakuna mjumbe aliyemuuliza kama anaiweza.

Mwongozo huu unawahusu wazee wa kanisa, halmashauri za parokia na kamati za makanisa ya Kipentekoste kuanzia Iringa mpaka Kyela. Naandika kwa namna moja: kila hatua ya kuajiri ilenge siku za kazi kwanza, Jumapili ifuate.

Hatua ya kwanza: jueni nani ana haki ya kuajiri

Fungueni katiba ya kanisa lenu kabla ya kufanya lolote. Katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mchungaji hupangwa na dayosisi, iwe ya Iringa, ya Kusini yenye makao yake Njombe, ya Kusini Kati kule Makete au ya Konde pale Tukuyu. Kwa Moravian majimbo ndiyo yanayopanga, Kusini kwa upande wa Rungwe na Kusini Magharibi kwa upande wa Mbeya. Kwa Wakatoliki padre anatumwa na askofu. Kwa hiyo usharika au parokia haitangazi nafasi ya mchungaji wala padre. Inachokuwa nacho mkononi, na mara nyingi kwa kibali cha ngazi ya juu, ni wale wanaokaa karibu zaidi na watu: mwinjilisti wa mtaa, katekista, mhudumu wa akina mama na watoto, mlezi wa vijana, mwalimu wa kwaya, katibu wa ofisi, mhasibu, mlinzi. Msiwadharau hao wa mwisho. Mlinzi wa geti ndiye wa kwanza kukutana na mtu aliyekuja kanisani usiku akiwa amechanganyikiwa.

Kanisa linalojitegemea lina ugumu wa aina nyingine: mchungaji kiongozi anaweza kuajiri peke yake mchana, na jioni akatangaza. Anayefanya hivyo huishia na watumishi wanaomwogopa yeye, wasioweza kumwambia kwamba kuna familia imeacha kuja. Kamati ya watu watano, wakiwemo wanawake wawili na kijana mmoja, haipunguzi heshima ya mchungaji hata kidogo.

Jambo lingine la kuuliza mapema ni jina la mwajiri. Usharika wa mtaani kwa kawaida hauna usajili wake wenyewe. Mwenye usajili ni Bodi ya Wadhamini ya kanisa zima au ya dayosisi, na jina hilo ndilo linalotakiwa kwenye mkataba. Mwandikieni katibu mkuu wa dayosisi au jimbo, mpate jibu kwa maandishi.

Hatua ya pili: wekeni daftari kwa mwezi mmoja

Hapa ndipo kazi halisi inapojulikana, na ndipo mabaraza mengi yanaporuka. Nunueni daftari la kaunta. Kila anayekuja kanisani au kupiga simu kwa mchungaji, kwa mzee wa zamu, kwa mwenyekiti wa jumuiya, aandikwe bila jina: siku, saa, alichotaka, nani alimhudumia, na kama alihudumiwa kabisa. Msiandike siri za watu. Andikeni "mgonjwa, Igawilo, alitaka kuombewa na kupelekwa hospitali", inatosha.

Mwisho wa mwezi kaeni mlihesabu. Usharika wa Mwanjelwa utakuta wafanyabiashara wadogo, mikopo iliyowaelemea, ndoa za vijana zilizoanza bila kufungwa. Huko Mufindi kwenye mashamba ya chai utakuta vibarua waliotoka mikoa mingine, wasio na ukoo wa kuwasindikiza kwenye msiba. Kijijini Kilolo utakuta wazee wanaoishi na wajukuu. Tena msimu una lake: mwezi Juni na Julai baridi ya Njombe na Makete inawaongeza wagonjwa wazee, na masika njia za mitaa ya mbali zinageuka tope hadi pikipiki inasukumwa.

Daftari likionyesha misiba, wagonjwa na wajane ndio wengi, mtafuteni mtu wa misiba, wagonjwa na wajane. Likionyesha vijana wanaondoka baada ya kipaimara, mtafuteni mlezi wa vijana, na mwinjilisti wa pili asubiri. Kuna mabaraza yanayoajiri nafasi ileile kwa sababu aliyekuwepo aliitwa hivyo. Mimi naona ni uvivu wa kufikiri.

Hatua ya tatu: andikeni kazi kwa lugha ambayo mwombaji ataielewa

"Kueneza Injili na kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mchungaji" si majukumu. Sentensi kama hiyo inampa mchungaji mamlaka ya kumtuma mtumishi akachunge ng'ombe wake. Andikeni mambo yanayoweza kuonekana na kuulizwa. Kwa mfano:

Atawatembelea wagonjwa nyumbani na hospitali siku mbili kila wiki pamoja na mzee wa jumuiya husika. Atafika kwenye msiba wa muumini siku ileile ya taarifa, na atarudi kwa familia baada ya wiki mbili, pale watu wameshatawanyika. Atafundisha darasa la kipaimara Jumamosi asubuhi. Atahubiri kwenye mitaa kwa zamu, si zaidi ya mara mbili kwa mwezi. Atatunza siri za waumini. Hatapokea sadaka kwenye namba yake ya simu.

Sifa nazo ziandikwe kwa kipimo. Cheti cha theolojia au cha uinjilisti kina thamani yake, lakini kidato cha nne na miaka mitano ya kulea jumuiya kwa uaminifu vinaweza kushinda shahada isiyo na miguu. Kuhusu lugha: bibi wa Rungwe vijijini anasali Kinyakyusa na anaungama Kinyakyusa. Babu wa Kilolo, ukimsalimu "kamwene", uso unafunguka kabla hujasema jina lako. Kuitaka lugha ni sawa kwa mtaa unaoihitaji. Kulitaka kabila si sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa kabila au mahali mtu alikotoka, jinsia, hali ya ndoa, ujauzito, ulemavu na hali ya VVU, miongoni mwa mengine. Mkinga anayezungumza Kisafwa vizuri anafaa kwa mtaa wa Kisafwa. Imani ni suala tofauti, kwa kuwa mhudumu wa kiroho lazima awe wa imani hiyo na sheria inaruhusu sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Kwa mlinzi au fundi bomba hoja hiyo haina nguvu.

Hatua ya nne: pesa kabla ya tangazo

Mavuno yanadanganya. Mahindi, viazi na maharage yakiingia, sadaka inapanda, mnada wa kuku na magunia baada ya ibada unachangamka, na mweka hazina anatembea kifua mbele. Halafu inafika Januari ya ada, na kabla yake miezi ya mbolea, na bahasha zinarudi nyembamba. Pigeni hesabu ya mshahara kwa kutumia miezi mitatu iliyokuwa dhaifu mwaka jana. Kama miezi hiyo haiwezi kulipa, ajirini nusu siku au unganeni sharika mbili jirani.

Chukulieni mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 kwa jumla, na kawaida mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu. Kanisa litatoa 40,000 na mtumishi atakatwa 40,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachukua asilimia 0.5 ya mshahara kutoka kwa mwajiri, yaani 2,000. Kodi ya mshahara inahesabiwa baada ya kutoa mchango wa NSSF: inabaki 360,000, na kiasi kinachozidi 270,000 kinatozwa asilimia 8, yaani 7,200. Kwa hiyo mtumishi atapeleka nyumbani 352,800, na kanisa litatumia 442,000 kila mwezi, ambazo ni 5,304,000 kwa mwaka kabla ya nauli, vocha na mafuta ya pikipiki. Viwango hivi hubadilika bungeni, kwa hiyo mweka hazina apitie mamlaka ya mapato, TRA, na NSSF kabla ya kupitisha bajeti. Aangalie pia amri ya kima cha chini cha mshahara inayotumika sasa.

Mtu atasimama kikaoni aseme mtumishi wa Mungu halipwi, anabarikiwa. Mwulizeni kwa upole kama mwenye duka la mbolea anapokea baraka. Mtumishi anayelipwa posho ya elfu hamsini atatafuta kilichobaki kwa njia nyingine, na njia iliyo karibu naye zaidi ni waumini walioko kwenye shida. Hapo ndipo maombi yanapoanza kuwa na bei. Kujitolea kupo na ni kuzuri, ila kuwe kwa hiari, kwa saa chache zinazojulikana, na mtu awe na kazi nyingine inayomlisha.

Kama WCF inaonekana mzigo, fikirieni mwinjilisti aliyeanguka na pikipiki ya kanisa kwenye kona za mlima Kitonga.

Hatua ya tano: tangazo

Lisomwe ibadani kwenu na kwenye sharika jirani, libandikwe ubaoni, lipelekwe kwenye vyuo vinavyofundisha theolojia kama Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji pale Mbeya na Chuo Kikuu cha Iringa, na litumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, ambako matangazo husafiri kuliko mahali pengine popote. Toeni wiki tatu. Ombeni barua ya maombi, wasifu mfupi, nakala za vyeti, kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka kanisa analosali, na majina matatu ya wadhamini wenye namba za simu. Andikeni mshahara ndani ya tangazo. Kuuficha kunawapotezea muda pande zote mbili.

Mjumbe wa kamati mwenye mtoto, mkwe au mdaiwa kati ya waombaji atoke kwenye kamati mpaka kazi iishe. Kutoka kabisa, sio kunyamaza tu kikaoni, kwa sababu sisi watu wa huku tunaheshimiana mno kumkataa mtoto wa mtu huku baba yake ameketi pembeni na soda yake.

Hatua ya sita: simu kwa walikotoka

Barua za utambulisho karibu zote zinasema mtu ni mwaminifu na mcha Mungu. Pigeni simu. Ongeeni na mchungaji wake, kisha ombeni namba ya mwenyekiti wa akina mama na ya mzee wa jumuiya aliyofanyia kazi, ambao hawakuandikwa na mwombaji. Mwambieni mwombaji mapema kwamba mtafanya hivyo na mpate idhini yake. Taarifa za mtu siku hizi zina sheria yake, ya mwaka 2022.

Maswali yaulizwe kwa namna isiyojibika kwa ndiyo au hapana. "Mama, mara ya mwisho mlipopata msiba mkubwa, yeye alifanya nini?" "Mzee, mkikosana naye, anakaa kimya kwa muda gani?" "Pesa za safari ya vijana zilirudije?" "Kama angerudi kwenu leo, mngempa kazi gani, na ipi msingempa?" Sikilizeni kimya kinachofuata swali la mwisho. Mtu wa kwetu hapendi kusema vibaya juu ya mtumishi, lakini atasema "kwa mahubiri yuko vizuri" kisha asiongeze kitu, na hapo amekwisha kuwaambia.

Kuna swali moja ambalo ni la lazima kwa kila atakayekuwa karibu na watoto, kuanzia mwalimu wa shule ya Jumapili hadi dereva: "Kuna malalamiko yoyote yaliyowahi kutolewa juu yake kuhusu mtoto, msichana au mwanamke?" Ulizeni kwa maneno hayohayo, mwandike jibu na tarehe. Mwombaji naye alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Ugonjwa mkubwa wa makanisa ni kumhamisha mtu kimyakimya na barua nzuri ili aibu iishie mbali. Anayepokea barua hiyo ndiye ninyi.

Hatua ya saba: usaili wa siku mbili

Waiteni watatu bora, mmoja mmoja, na mlipe nauli zao. Aliyetoka Ludewa kuja Mbeya ameshatumia pesa ya wiki.

Siku ya kwanza asikae mezani kabisa. Aende na mzee mmoja na mama mmoja wa jumuiya kutembelea nyumba tatu ambazo wenyewe wameridhia: mgonjwa wa muda mrefu, familia iliyofiwa karibuni, na kaya ya vijana. Wanaomsindikiza waangalie vitu vidogo. Je, alisalimia watoto na dada wa kazi, au baba mwenye nyumba tu? Alikaa alipoonyeshwa, au alitafuta kiti cha heshima? Alizungumza kwa muda gani kabla ya kumpa mgonjwa nafasi? Aliomba kwa sauti iliyofaa chumba, au aliwaamsha majirani? Simu yake ilikuwa wapi? Alipopewa chai alikunywa? Na njiani kurudi, alianza kuwasimulia wasindikizaji wake yale aliyoyaona ndani? Hili la mwisho mimi nalipa uzito kuliko yote. Anayesimulia siri ya nyumba ya kwanza akielekea ya pili atazisambaza zote.

Siku ya pili ni mazungumzo na kamati, saa moja na nusu hivi. Msimpe maswali ya Biblia kama mtihani wa darasa la kipaimara. Mpeni visa vya hapa kwetu na mwacheni afikiri kwa sauti. Hivi ni baadhi, pamoja na kile ambacho ningetaka kukisikia.

*Mama mmoja amekwambia ana VVU na anataka kuacha dawa kwa sababu ameombewa.* Kisa hiki kisikose. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na kiwango cha asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati taifa zima ni asilimia 4.4, na viwango vya Iringa na Mbeya navyo viko juu sana kuliko cha taifa. Hakuna ibada kwenye mikoa hii isiyo na watu wanaomeza ARV. Jibu zuri linamsikiliza mama, linaomba naye, na linamwambia waziwazi aendelee na dawa, halafu linamwuliza kama angependa mtu wa kumsindikiza kliniki. Mwombaji anayesita kwenye hili, au anayesema "inategemea imani yake", hafai. Muageni kwa heshima, hata kama anahubiri watu wakazimia.

*Binti wa kidato cha pili ana mimba, na baba yake anataka yaishie nyumbani kwa faini ya ng'ombe.* Hapa mtafute mtu anayejua kwamba usalama wa mtoto si jambo la kusuluhisha sebuleni. Atamlinda binti asipigwe, atawahusisha ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, anajua namba 116 ya huduma kwa mtoto, na atakumbuka kwamba tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Akianza kwa kuuliza ni adhabu gani ya kanisa binti atapewa, mmekwisha kumjua.

*Mzee amefariki ghafla, ukoo unamnyooshea kidole bibi jirani kwamba ni mchawi, na wanataka mtumishi aje "kusafisha" nyumba.* Hiki kinapima ujasiri. Anayekubali kwenda kutaja mtu amewasha moto ambao hatauzima. Anayewaita wote wajinga naye amepoteza familia nzima kabla ya mazishi. Namtafuta anayekaa na wafiwa, anakataa kumtaja mtu yeyote, na usiku uleule anahakikisha yule bibi hayuko peke yake na mwenyekiti wa mtaa ana taarifa.

*Mjane anafukuzwa shambani.* Ulizeni moja kwa moja: anajua kumpeleka kwa mtendaji wa kata, baraza la ardhi la kata na msaada wa kisheria, na yuko tayari kusindikizana naye?

*Muumini tajiri anakutumia laki tatu kwenye simu "ya matumizi yako, Mwinjilisti".* Msikubali jibu la kurukaruka. Zawadi ya kuku, ndizi au mchele wa Kyela kwa mgeni ni utu wetu, hakuna wa kuukataza. Pesa kubwa ya kimya ni kamba. Ninapenda kusikia: "Ningemshukuru, ningemweleza mchungaji, na ingeandikwa."

*Kijana anakwambia hataki kuishi tena, na anakuomba usimwambie mtu.* Siri ina mpaka. Anayefaa hatamwacha peke yake, atamweleza wazi kwamba lazima wapate msaada, ataita ndugu anayeaminika na kumfikisha hospitali.

Baada ya visa, mpeni dakika kumi ahubiri neno fupi la msibani. Dakika kumi zinatosha kujua kama anasikika, anaeleweka na anajali. Kisha yeye awaulize ninyi. Mwombaji asiyeuliza lolote kuhusu nyumba, mapumziko, mchungaji atakayefanya naye kazi au kwa nini aliyetangulia aliondoka, ama ana njaa sana ama hajaelewa anakuja wapi.

Msimsaili mke wa mwombaji. Mabaraza mengine humwita "mama mtarajiwa" na kumpangia kazi za kupika na kuongoza akina mama bila malipo. Kanisa linaajiri mtu mmoja. Kama linataka wawili, lilipe wawili.

Hatua ya nane: kuamua

Kila mjumbe aandike maoni yake kabla hajasikia ya mwenyekiti, kisha mjadili. Wasindikizaji wa siku ya kwanza waongee wa kwanza, mzee mwenye sauti kubwa aongee mwisho. Mkigawanyika, muda wa kuomba na kulala usiku mmoja unasaidia. Kupigia kura watu ibadani kwa kunyoosha mikono hakusaidii, kwa kuwa kutawaacha walioshindwa na aibu na mshindi na wapinzani. Waliokosa wapigiwe simu, wasikie kutoka kwenu.

Hatua ya tisa: mkataba

Uwe wa maandishi, Kiswahili, nakala mbili, umesainiwa kabla hajahamisha mizigo. Uonyeshe cheo, mahali pa kazi, mshahara na tarehe ya kulipwa, muda wa majaribio wa miezi sita, na majukumu yaleyale mliyoyaandika mwanzoni. Sheria inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Saa hizo ndizo zinazoleta ubishi, kwa sababu msiba haupigi hodi saa za ofisi. Pangeni hivi: Jumapili ni siku ya kazi, Jumatatu ni mapumziko yake, na simu ya dharura Jumatatu inapokelewa na mzee wa zamu. Akikesha msibani Alhamisi, Ijumaa aanze mchana. Tangazeni Jumatatu hiyo ibadani ili waumini waijue, la sivyo itakuwa siku ya mapumziko kwenye karatasi tu.

Nyumba ya kanisa: andikeni nani anatengeneza bati likivuja, na ana siku ngapi za kuhama kazi ikiisha. Shamba la kanisa: nusu ekari anayolima ni yake au mavuno ni ya usharika? Pikipiki: inabaki mali ya kanisa, bima na mafuta ni ya kanisa, leseni ni yake, kofia mbili, na haibebi abiria wa kulipa. Haya matatu yakikaa wazi, ugomvi mwingi unakosa pa kuanzia. Sadaka na michango yote ipitie lipa namba ya kanisa.

Hatua ya kumi: miezi sita ya kwanza

Wiki mbili za mwanzo asihubiri. Azungushwe jumuiya moja baada ya nyingine na wazee wake, apewe orodha ya wagonjwa, wajane na yatima, atambulishwe kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mganga mfawidhi wa kituo cha afya, ofisi ya ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia. Padre, mchungaji au shehe jirani naye amjue, maana misiba ya huku haina dhehebu moja.

Kila mwezi mchungaji na mzee mmoja wakae naye saa moja. Wamwulize alimtembelea nani, nini kilimlemea, na lini alipumzika. Aliyezika watoto wawili ndani ya wiki moja anahitaji kusikilizwa naye. Kama hakuna wa kumsikiliza ndani ya usharika, tafuteni mtumishi mzoefu wa usharika mwingine. Swali kuhusu mapumziko msiliache hata kama amejibu "niko sawa" mara nne mfululizo.

Mwezi wa tano, msisubiri wa sita, rudini kwenye daftari la hatua ya pili na mlinganishe. Waulizeni waliotembelewa, na kijana mmojammoja badala ya mwenyekiti wao. Akifaa, mpeni barua ya kuthibitishwa kazini yenye tarehe na mshahara. Asipofaa, awe ameshaambiwa kasoro zake kwa maandishi na kupewa nafasi ya kurekebisha kabla ya siku ya mwisho. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi baada ya mwezi wa kwanza wa ajira si chini ya siku 28. Mlipeni mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo yake iliyobaki, mumpe hati ya utumishi, na kama mlimwajiri akiwa Makete mkamleta Mbeya, gharama ya kurudisha familia na mizigo yake Makete ni yenu. Iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na fedha ya kulitangaza tangazo upya.